Boriti Katika Ukuta wa Jirani

Hotuba juu ya ujenzi wa nyumba za safu za Mji Mkongwe wa Unguja, na yale yatuhusuyo sisi wa Kigali

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na masahaba wake wote.



Jumuiya imenitaka niseme mbele yenu juu ya majumba ya zamani yaliyohifadhiwa. Najua wapo waliotaraji kusikia habari za swala au za zaka, na pengine wamejiuliza sheikh ana nini na mawe na chokaa. Jawabu langu ni kwamba nyumba ni mlango mkubwa katika fikhi. Vitabu tuvisomavyo madarasani vina milango mizima juu ya kuta, na njia, na mifereji ya maji, na madirisha yatazamayo uani kwa mwenzio. Wanavyuoni wetu hawakuona kuwa ni jambo dogo, kwani walijua kuwa ugomvi wa ndugu huanza kwenye mfereji wa maji mara nyingi zaidi kuliko uanzavyo kwenye itikadi.

Nitasema khasa juu ya safu za nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja. Nimeuchagua mji ule kwa sababu wengi wa wazee waliokuja kukaa katika mitaa yetu ya Biryogo na Nyamirambo walitoka pwani, au walipita mikononi mwa watu wa pwani, huko Tabora na Ujiji na Bujumbura, na walikuja na namna yao ya kujenga na ya kukaa. Na nimeuchagua pia kwa kuwa nyumba za kule zimewekewa sheria ya kuzilinda, na za kwetu hazina, hali ya kuwa twaziona zikiuzwa moja baada ya moja.

Ama nikianza, naanza na hadithi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumzuia jirani yake asichomeke boriti katika ukuta wake. Abu Huraira alipoyaeleza hayo aliona watu wanageuza nyuso, akawakemea, akaapa kwamba hataacha kuwatwika maneno hayo mabegani. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika hukumu yake. Imam Ahmad alisema ni wajibu, jirani hana ruhusa ya kukataa maadamu ukuta haudhuriki. Imam Abu Hanifa, na kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi, wasema ni jambo lililopendekezwa tu, na mwenye ukuta haonewi kwa nguvu. Wallahu aalam. Lakini angalieni, ndugu zangu: waliobishana walibishana kama ni lazima au ni hisani, na hapana hata mmoja aliyesema kuwa ukuta wa mtu haumhusu jirani yake.

Sasa tazameni hadithi hii ilivyosimama kwa mawe.

Ukiingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Hurumzi, au Mkunazini, au Kiponda, utaona nyumba zimepangana bega kwa bega pande zote mbili za njia, hapana nafasi ya kupitisha hata mkono baina ya moja na ya pili. Nyingi katika safu hizi ni nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, Mabohora na Makhoja na Mabaniani, waliojenga khasa katika karne ya kumi na tisa, mji ulipotajirika kwa karafuu na kwa pembe za ndovu, na, tusifiche, kwa biashara ya watumwa vilevile. Chini ni duka, na mbele ya duka ni milango ya mbao ya kukunjwa, ambayo asubuhi hufunguliwa yote hata duka likawa wazi kama mdomo. Nyuma ya duka ni ghala na jiko na ua mdogo. Juu ndipo watu hukaa, na mbele ya chumba cha juu kuna roshani ya mbao iliyotobolewa nakshi, mwanamke hutazama njia na njia isimwone. Baina yao zipo nyumba za Waarabu wa Omani, nazo ni za namna nyingine: nje ni ukuta mweupe mtupu, na fahari yote imekusanywa katika mlango mmoja, ndani ni ua mkubwa, na vyumba vimeuzunguka. Juu ya milango hiyo sitakaa sana, kwani kila mgeni aendaye Unguja hurudi na picha ya mlango, na mlango si nyumba.

Nyumba ni ukuta. Kuta za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na wadudu wa baharini, yakaunganishwa kwa chokaa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta huwa na unene wa nusu mita au zaidi. Jiwe la matumbawe ni jepesi na lina vitundu, halibebi uzito kama jiwe letu la mlimani, ndiyo maana ukuta ukanenepa. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu ipate kulainika. Fundi mwenye haraka haiwezi chokaa.

Juu ya kuta mbili hulazwa boriti za mikoko. Na hapa ndipo penye siri ya ujenzi wote wa pwani. Boriti ya mkoko ni ngumu, haina mchezo na mchwa, lakini urefu wake ufaao kubeba sakafu ya mawe hauzidi mita 3 hivi. Kwa hiyo chumba cha pwani, kiwe cha tajiri au cha masikini, kiwe Unguja au Lamu, hakizidi upana wa boriti. Tajiri alikirefusha chumba chake awezavyo, akakijaza vyombo vya Uchina, lakini hakuweza kukipanua. Mti wa kinamasini ulimwekea mpaka sultani. Boriti hizo zilitoka Rufiji na visiwa vya Lamu, na majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni na Ghuba, ambako nako vyumba vikawa na upana ule ule.

Basi katika safu ya nyumba, ukuta wa katikati huwa mmoja kwa nyumba mbili. Boriti za Fulani zaingia ukutani kutoka kusini, na boriti za jirani yake zaingia ukuta huo huo kutoka kaskazini, vichwa vyakaribia kugusana ndani ya jiwe. Uzito wa chumba hiki wausukuma ukuta huku, na uzito wa chumba kile wausukuma kule, na kwa kusukumana huko ukuta husimama wima. Nyumba moja ya safu ile, lau ungeweza kuitoa peke yake na kuiweka uwanjani, nadhani isingestahimili masika mbili.

Huko Lamu walizidi. Huko nyumba mbili zilizo pande mbili za kichochoro huunganishwa kwa chumba kilichojengwa juu ya njia, nao hukiita wikio, na wapita njia hupita chini yake kivulini. Mzee akimwoza binti yake humjengea orofa juu ya nyumba yake, au upande wa pili wa njia, na wikio ikawa ndiyo njia ya binti kumwendea mama yake bila ya kushuka barabarani. Ndani ya nyumba hizo wana mpango wao: daka mlangoni, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho ndani, na ukutani huko mna zidaka za chokaa zilizochongwa safu juu ya safu. Na chooni mna birika la maji, na birikani huwekwa samaki wadogo wapate kula viluwiluwi vya mbu. Nilipoelezwa jambo hili nilicheka, kisha nikafikiri juu ya fedha tuzitumiazo sisi kwa dawa za mbu.

Nirudi Unguja, nitaje baraza. Baraza ni benchi la mawe lililoshikamana na ukuta wa nje, mlangoni au kwa urefu wa nyumba. Humfaa mwenye nyumba kwa kupokea wageni wanaume bila ya kuwaudhi watu wa ndani. Huufaa ukuta, kwani huukinga mguu wake na maji ya mvua na magari ya kokoteni. Na masika yanapojaza vichochoro maji, watu hutembea juu ya mabaraza, kutoka la huyu hadi la yule, hata wakafika waendako. Benchi la mtu mmoja huwa njia ya mtaa mzima. Kitu hiki ndicho wazee wetu walichokileta Kigali wasipokiacha njiani. Mawe ya matumbawe hayakuweza kuja, wala boriti za mikoko, lakini baraza lilikuja, na neno lake likaja nalo, na mpaka leo jioni katika Biryogo utaona mzee ametandika mkeka mbele ya nyumba yake ya matofali mabichi, na chai imekaa baina yake na jirani.

Sasa nieleze jinsi safu ya nyumba ianguakavyo, kwani haianguki kwa siku moja. Huanza na nyumba moja iliyoachwa. Mwenyewe amesafiri, au amekufa na warithi ni arobaini, au mpangaji hulipa kodi ndogo isiyotosha hata ndoo ya chokaa. Maji hupenya juu. Hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye vichwa vya boriti, ambavyo havionekani kwa kuwa vimefichwa ndani ya jiwe, na huko huoza polepole. Sakafu ya nyumba ile ikishuka, ukuta hubaki unasukumwa upande mmoja tu, nao huanza kutoa tumbo kuelekea upande uliokuwa mzito. Jirani aliyeipaka nyumba yake chokaa kila mwaka, asiye na kosa lolote, huona ufa chumbani mwake. Na ile nyumba ya kwanza ikibomoka kabisa, ukuta wa shirika hubaki uchi mbele ya mvua, nao haukujengwa kuwa ukuta wa nje.

Jambo la pili lililoziua nyumba hizi ni saruji. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa, kama mtu avutavyo pumzi. Watu walipoona plasta ya chokaa inabambuka, waliibandua wakapaka saruji, kwa nia njema kabisa, wakidhani wanautia ukuta nguvu. Saruji ikaziba. Unyevu ulioingia haukupata pa kutokea, chumvi ya matumbawe ikachacha ndani, na ukuta ulioonekana mgumu kwa nje ukawa unga ndani yake. Dawa isiyo na maradhi yake ni sumu.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ya Unguja ilizichukua nyumba nyingi, na familia nyingi zikatiwa humo, jamaa watano au sita katika nyumba iliyojengewa jamaa mmoja. Siingii katika siasa za jambo hilo. Nasema tu kuwa kila chumba kilipata mwenyewe na paa halikupata. Nyumba nyingine zilikuwa wakfu, na kule kulikuwa na Kamisheni ya Wakfu tangu mwaka 1905. Kodi ya duka la chini ilinunua mafuta ya taa ya msikiti, na mikeka, na ikalipa fundi. Kodi ilipokuwa haitoshi, msikiti ulikosa mkeka na ukuta ukakosa fundi kwa pamoja.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukatolewa mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa shirika la Aga Khan, ambalo pia lilitengeneza upya ile zahanati kongwe ya ufukweni iliyoanzishwa na Tharia Topan. Mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata ikauandika mji wa Lamu. Tangu hapo mwenye nyumba hana ruhusa ya kubomoa, wala kuongeza orofa, wala kubadilisha uso wa nyumba pasipo idhini. Hilo ni jambo la kheri, na walioliletea juhudi walipwe kwa Mola wao. Lakini sheria haina mikono. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, jumba mashuhuri kuliko yote katika mji ule uliohifadhiwa, liliporomoka upande mmoja wakati likiwa katika matengenezo, na watu 2 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Na kuna jambo lililonihuzunisha zaidi ya kuporomoka, nalo ni kusimama kwa nyumba zisizo na wenyewe. Nyumba nyingi za safu zimetengenezwa vizuri sana, chokaa imerudi, roshani zimerudi, na ndani yake ni hoteli. Duka la chini linauza vinyago kwa wageni. Sisemi kuwa ni haramu. Watu wanataka riziki, na fedha za wageni ndizo zilizozinunua boriti mpya. Lakini jamaa waliokuwa wakitembea juu ya mabaraza wakati wa masika wameuza, wamehamia Ng'ambo au mbali zaidi. Lamu, na khasa Shela, mambo ni hayo hayo, wageni wa Ulaya wamenunua nyumba nyingi. Ukuta wa shirika upo, lakini washirika hawapo. Wamehifadhi haki ya boriti, na jirani ameondoka.

Hapa nataka tujitazame.

Mji wetu ni mtoto kwa Unguja. Ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani, na punde si punde wakaja wafanyabiashara wa Kiswahili, na wa Kiarabu, na wa Kihindi. Msikiti wa Al-Fatah asili yake ni ya mwaka 1913. Wakati wa Wabeligiji watu wetu waliwekwa katika mitaa iliyoitwa kambi ya Waswahili, na kutoka kwenda kwingine kulihitaji ruhusa. Jina Mswahili lilifanywa kuwa neno la kejeli, maana yake mjanja asiyeaminika, na wapo mpaka leo wanaolitumia hivyo, ijapokuwa Kiswahili chenyewe kilifanywa lugha rasmi ya nchi hii mwaka 2017. Katika mitaa hiyo wazee walijenga kwa kile walichokipata: msingi wa mawe, matofali mabichi tuyaitayo rukarakara, mabati juu, vyumba vimepangwa safu kuuzunguka uwanja mmoja, bomba moja, mfereji mmoja wa maji ya paa, na baraza mbele. Nyumba ya Kandt leo ni makumbusho, imelindwa, na watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Ni vyema. Ila nyumba za waliokuja kuuza chumvi na nguo katika mji alioufungua yeye hazina kibao hata kimoja.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kuwa rukarakara ni matumbawe. Nyumba nyingi za Biryogo ni mbovu, zina giza, zina unyevu, na mama mwenye watoto anayo haki ya kutaka nyumba bora. Serikali ina mpango wake wa mji, na nchi yetu ina milima mingi na ardhi chache; kujenga kwenda juu ni lazima. Mwaka 2021 njia za Biryogo zilifungwa kwa magari na kupakwa rangi, watu wakaja kula na kunywa chai, nasi tukafaidika. Yupo anayesema tuiombe serikali iuhifadhi mtaa wote kwa ile sheria ya urithi ya mwaka 2016. Mimi sioni kuwa jambo hilo lafaa kwa mtaa mzima. Ukiuhifadhi ukuta wa udongo usiguswe, umemhukumu aliyemo akae katika udongo, na akishindwa atauza kwa mwenye fedha za kufungua hoteli, na tutakuwa tumefika Unguja kwa njia ya mkato.

Kinachoweza kuhifadhiwa hapa ni ujirani wenyewe, na kwa hilo sheria yetu ina hazina.

Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafii, mtumwa huru wa Mtume (s.a.w.). Alikuwa na vyumba viwili ndani ya uwanja wa Saad bin Abi Waqqas. Alimwendea Saad amtake avinunue. Saad akasema hazidishi elfu 4, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafii alikuwa ameshapewa dinari 500 taslimu na mtu mwingine, nazo ni nyingi zaidi. Akamuuzia Saad kwa khasara, akaeleza kuwa lau asingemsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingempa kwa thamani ile. Wafuasi wa Abu Hanifa waliitumia hadithi hii kumpa jirani haki ya shufaa, yaani haki ya kutangulia kununua. Madhehebu yetu ya Shafi humpa haki hiyo mshirika peke yake, aliye na fungu katika mali isiyogawanywa. Lakini hakuna madhehebu yanayomkataza mtu kufanya kama Abu Rafii kwa hiari yake.

Katika mitaa yetu mambo huenda kinyume. Mtu huuza usiku. Jirani aliyekaa naye miaka 30 huambiwa na dalali, au huona tu mafundi wamekuja asubuhi na nyundo. Kisha nyumba ya katikati huvunjwa, ukuta wa shirika hubaki na ufa, mfereji wa paa huelekezwa kwa aliyebaki, na huyo aliyebaki, baada ya masika moja au mbili, naye huuza, na kwa bei iliyoanguka. Hivyo ndivyo safu nzima ihamavyo bila ya mtu yeyote kuwa amekusudia. Ni ile ile habari ya boriti iliyooza.

Na kuna sababu nyingine ya kuogopa kutawanyika, nayo ni nzito kwangu kuitaja. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ukuta wa jirani na mlango wa uani vilikuwa ndiyo uhai au mauti. Katika mitaa hii wapo waliofichwa na majirani zao Waislamu, na wapo waliouawa. Ni nyuma ya ukuta upi watu walilala, na kwa siku ngapi, na nani aliwapitishia maji, hayo hayakuandikwa katika hati ya kiwanja. Anayeyajua ni jirani. Tukiwatawanya majirani, mmoja Kimisagara, mmoja Kanombe, mmoja nchi za Ulaya, ushahidi wao hutawanyika nao, na wazee wenyewe wanapungua kila mwaka.

Kwa hayo naleta mbele ya jumuiya mapendekezo, mkiyaona yafaa. Mwenye kutaka kuuza awape khabari majirani wa pande mbili na nyuma, awangoje siku 30, na jumuiya imsaidie jirani asiye na uwezo kutafuta mshirika wa kununua naye, ikiwa ni ndugu watatu au wanne pamoja. Riba haina nafasi hapa, ushirika unayo. Pili, mnajua kuwa baina ya miaka 2009 na 2013 ardhi yote ya nchi hii iliandikishwa, viwanja zaidi ya milioni 10, na kila mtu akapata hati yenye namba. Hati ile huonyesha mstari wa mpaka. Haionyeshi boriti zilizoingia ukutani, wala njia ya maji, wala ruhusa ya kupita uani ambayo marehemu babu alimpa marehemu babu. Haya na yaandikwe, kwa Kinyarwanda, mbele ya mashahidi na mthibitishaji wa serikali, wakati waliokubaliana wangali hai. Wenye kusema kuwa ahadi ya Mwislamu haihitaji karatasi waisome tena aya ya deni katika Surat al-Baqara.

Tatu, nyumba zipimwe na kuchorwa kabla ya kuvunjwa. Kazi hii haihitaji wageni. Tunao vijana waliosoma ujenzi hapa hapa Kigali, na mafundi wazee wanaojua rukarakara ilichanganywa vipi na kukaushwa siku ngapi. Kijana mmoja na mzee mmoja, mita ya kamba, daftari, na kamera ya simu: katika siku moja watamaliza uwanja mmoja, vyumba, baraza, bomba, ukuta wa shirika, na majina ya waliokaa humo kwa kadiri wanavyokubali yaandikwe. Na kama katika nyumba zote hizo zipo mbili au tatu zilizo imara, zenye baraza zima na safu kamili, hizo ndizo tuziombee ulinzi wa sheria, na ziwe wakfu, kodi ya chumba cha mbele iwe ya kuwalipia mafundi. Nyumba mbili zenye fundi ni bora kuliko mtaa mzima wenye kibao.

Wakienda kujenga ghorofa, kama wengi watakavyokwenda, majirani na waombe wapewe orofa moja au ngazi moja, na mwenye kuchora ramani aombwe aache nafasi ya kukaa mbele ya milango, hata ikiwa ni benchi la saruji la urefu wa mtu. Wachoraji ramani wetu wengi ni watu wa kusikiliza wakiambiwa kwa wakati, na wakati wenyewe ni kabla ya msingi kuchimbwa.

Daftari la kuandikisha nyumba litakuwa kwa katibu wa jumuiya baada ya swala ya Ijumaa, na wenye hati za zamani, au picha, au barua za kuuziana za miaka ya 1950 na 1960, wazilete zinakiliwe na kurudishiwa siku hiyo hiyo. Wazee wasioweza kutembea watafuatwa majumbani mwao.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.